Mvua Haipiti Kwenye Waya

Siku zake za mapumziko, nesi mmoja wa wodi ya wazazi alirekodi muziki chumbani kwake Kasulu, katikati ya magodoro aliyoyasimamisha ukutani kuzuia mwangwi. Wakati wote mtu akipiga, aliinua kiganja hewani. Ukikosea, kilikunjika taratibu, naye hakuwa na maneno ya kukubembeleza. "Tena," basi. Elisante, mpiga besi wa kwaya, alishakiona kikikunjika mpaka vidole vyake vikalowa jasho. Viongozi walikuwa wamesema: leo ikishindikana, besi itapigwa kwa kinanda, yeye arudi kubeba spika.

Gitaa walilirekodi asubuhi kwa maiki, kuku wa jirani wakiwa wamefungiwa. Ilipofika zamu ya besi, mvua ikamwagika juu ya bati kama kokoto. Elisante akavua mkanda wa besi begani. "Sista, mvua imetuharibia."

"Yewe, kwani unaona maiki hapa?" Nesi akashangaa, akamwonyesha waya uliotoka kwenye besi yake mpaka kwenye mashine. "Mvua haipiti humu. Vaa hedifoni, piga!"

Akapiga. Bati likanguruma, likafunika hata mapigo ya moyo wake, na besi ikalibeba lile gitaa la asubuhi mgongoni kama mama na mwanawe. Noti ya mwisho ikafifia. Kiganja kilikuwa bado wima. Nesi aliinamisha kichwa akasikiliza, kama anavyosikiliza kazini, kule leba, akingoja mtoto mchanga atoe sauti. Kisha akatupa hedifoni kitandani, akapiga kigelegele ambacho mvua yote ya Kasulu haikuweza kukizima.