Jina la Tatu Kwenye Jiwe la Tlawi

Hadi leo nikisikia harufu ya mavi mabichi ya ng'ombe yaliyochanganywa na majivu, mkono wangu wa kulia huanza kuona baridi. Wenzangu hukumbuka kuta za jikoni zikikandikwa. Mimi hukumbuka jiwe la kumbukumbu la kijiji chetu, Tlawi.

Lilijengwa njia panda mwaka tulioambiwa sisi sasa ni Mkoa wa Manyara, si Arusha tena. Kwenye saruji yake yaliandikwa majina ya vijana wa kwetu waliokwenda kupigania ukombozi wa Msumbiji wasirudi. La tatu lilikuwa la baba mdogo, Tluway. Mwili wake haukuletwa, na bibi hakukubali matanga. Alisema saruji ile ndiyo inayotaka kumuua mwanawe.

Basi kila asubuhi kabla ya shule alinipa donge la mchanganyiko ule.

"Kandika jina lake," aliniambia. "Usiache hata herufi moja."

Nilikandika. Lakini kesho yake, katika ukungu usiokuonyesha hata miguu yako, nilikuta jina jeupe, safi, na maji bado yakichuruzika kwenye herufi. Kesho kutwa vilevile. Nilipomweleza bibi, alinijibu, "Wewe kandika tu." Babu, mtu wa maneno machache, alikuwa ameshatoka na ndama wake na kibuyu chake cha maji, kwa hiyo sikuwa na mwingine wa kumuuliza.

Nikajijibu mwenyewe: ni baba mdogo anayejiosha. Niliogopa mno. Hata hivyo adabu ni adabu, kwa hiyo kila nilipomaliza nililigeuzia jiwe mgongo, nikasema, "Shikamoo, baba mdogo," kisha nikatimua mbio kabla hajaitikia.

Masika yalipoanza babu aliugua, akafa, tukamzika pale nyumbani. Siku niliyorudi njia panda, nilikuta mkandiko wangu wa mwisho uko palepale, umekauka na kupasuka. Hakuna aliyeugusa. Nililia, maana nilijua sasa baba mdogo amekufa kweli, na aliyemziba pumzi ni mimi.

Nilikimbia kumwambia bibi. Alikuwa ameketi karibu na mafiga, mikono yake ikiwa safi, bila mavi wala majivu. Hakushangaa. Alinyanyua kile kibuyu cha babu kikiwa kimejaa maji, akanipa.

"Nenda ukamwoshe," alisema. "Babu yako hayupo tena wa kumwosha."

Nilirudi, nikaosha herufi moja moja kwa kidole. Nilipomaliza nilitoa shikamoo nikiwa nimelitazama jiwe.

Nilikuwa mtu mzima, nina mtoto wangu mwenyewe, nilipoelewa kwamba bibi alijua tangu siku ya kwanza. Aliweza kukikataa kifo cha mwanawe kila asubuhi kwa sababu kulikuwa na mwingine ndani ya nyumba ile aliyekikubali kwa niaba yake.