Firigisi ya Jumapili

Mume wangu, Zedekiah Were, amechapisha kadi za harusi River Road miaka kumi na minane. Mtu wa kadi huyo. Ukimwambia chumvi imeisha, anakuuliza herufi ziwe nyeusi au za dhahabu.

Mwaka wa 2006, binti yetu Millicent alikuwa kidato cha pili, na nyumba yetu ya Kangemi alikuwa ameigeuza lojing ya kulala tu. Anabadilisha nguo, huyoo, ameenda saiba kwenye intaneti, ama kwa kina rafiki yake Tara kule Parklands. Ukimuuliza, ati alikuwa tu hapo. Hapo wapi? Halafu akaleta fomu: Januari ahamie shule ya bweni, kwani hata hapa analala tu. Mtoto ni huyo mmoja, na keshachoka na sisi.

Badala ya kukaa naye waongee, Zedekiah akamchapishia kadi. Nasema kweli. Kadi ya krimu, ua pembeni: Bwana na Bibi Were wana furaha kukualika, Millicent, mle pamoja Jumapili saa saba mchana. Chini, kwa dhahabu: Firigisi ni yako.

Usicheke. Kwetu Butere, firigisi ya kuku ni ya mwenye nyumba. Jumapili moja nilimpa mgeni kwa kusahau, Zedekiah hakuniongelesha mpaka Jumatano. Kwa hivyo Millicent naye hakucheka. Aliiweka kadi ndani ya kitabu cha Bayolojia.

Jumapili alitoka kanisani moja kwa moja hadi jikoni. Tulipika huku akinisimulia mambo ya shule ambayo sikuwahi kuyasikia. Saa saba ikafika, ikapita. Saa nane simu ikalia. Zedekiah yuko River Road, kuna bwana harusi amekosewa jina, kadi zote zinarudiwa, sisi tule tu. Nilitamani kumvuta kwa hiyo simu. Mwanamume aliyeniimbia mwaka mzima kwamba mtoto hakai nyumbani.

Alifika saa kumi na mbili jioni, wino vidoleni, na swali la kwanza likawa Millicent ameenda wapi tena. Nilichoka. Millicent alikuwa sebuleni, mbele ya macho yake, anafanya hesabu. Mezani sahani zilikuwa tatu, zote zimefunikwa.

“Umekula?” akamuuliza.

“Bado. Kadi ilisema tule pamoja.”

Zedekiah akafunua sahani ya karibu akakuta firigisi, nzima, imepoa. Akaisukuma polepole upande wa binti yake. Millicent akaikata katikati, akamrudishia nusu.

“Fomu bado iko kwa begi, Baba,” akasema. “Jumapili ijayo, saa saba, nitajua kama niijaze.”

Nikapasha mchuzi, tukala. Zedekiah sikumwongelesha mpaka Jumatano.