Beseni la Bluu la Bi Warda

Hapa Msambweni, ukiulizia samaki wa kukaanga, watu walikuwa wakikuelekeza kwa Bi Warda. Kila asubuhi alishuka bandarini na beseni lake la bluu, akarudi nalo kichwani limejaa tafi na changu, akawaparua na kuwakaanga barazani kwake. Ni mtu wa usafi. Leso zake hunukia udi hata akiwa mbele ya karai la mafuta.

Kisha mtaa wetu ukaugua matumbo, kuendesha na kutapika, na wote tulikuwa tumekula kwake. Mwanangu Luqman, ambaye ndiyo kwanza anaanza kusimama, akalazwa hospitali. Bi Warda alipokuja kumtazama alisema kwa sauti, wodi nzima ikasikia: "Samaki wangu mimi? Aje aniangalie anayetaka!"

Akaja afisa wa afya, binti wa bara aitwaye Cynthia. Alimwamkia Bi Warda shikamoo, akamwomba akaange kama siku zote, yeye atazame. Nami nilikuwa nimefika nyumbani kuchukua nguo za mtoto, nikasimama na majirani.

"Leo ni mtihani, Bi Warda," jirani yetu Kadzo akamtania.

"Mie nimeanza kukaanga mamako hajaolewa!" Tukacheka.

Akawatoa samaki wabichi mle ndani ya beseni, akawakaanga mpaka wakakauka vizuri. Akalipangusa beseni kwa kitambaa, akatandika gazeti, akaanza kuwapanga. Mara mkono ukasimama. Gazeti lilikuwa limelowa. Maji mekundu ya wale wabichi yalikuwa yanapanda kwenye hawa waliokwisha kuiva.

"Mama, vijidudu vya..." Cynthia akaanza, kwa upole.

"Nimeona, mwanangu. Usiseme mbele za watu."

Lakini watu ndio sisi, tulikuwa pale pale. Hakuna aliyecheka tena. Nilitazama chini, maana hata kwangu beseni ni moja tu.

Jioni Bi Warda alikuja hospitali. Hakuingia. Alisimama mlangoni, leso ameivuta mpaka puani. Luqman alikuwa amepata nafuu, ananyonya. Alipomwona akamnyooshea mikono kama kawaida yake.

"Mchukue, Bi Warda," nikamwambia.

Alivitazama viganja vyake.

"Ngoja kwanza."

Akatoka kwenda kwenye mfereji wa nje. Nikayasikia maji yakimwagika, yakimwagika, hata Luqman akalala akimngoja.