Mjane wa Josias Mbele ya Ubalozi

Kwa miaka kumi na minane Monique hakumwambia mtu yeyote wa Kyebando, mtaa wake wa Kampala, jinsi mumewe alivyokufa. Majirani walijua kwamba ni mjane, kwamba ametoka Bukavu, na kwamba anachuuza vitenge. Asubuhi alitoka na mzigo begani, akazunguka maofisini na kwenye saluni za wanawake, na jioni akarudi na miguu iliyovimba. Mwenye nyumba wake, Bi Sharifah, mama wa Kinubi aliyekaribia miaka sabini, aliwahi kumwuliza mara moja tu baba wa Victoire yuko wapi. Monique alijibu kwamba alikufa vitani. Bi Sharifah naye alikuwa amezika ndugu zake katika vita vya Uganda, kwa hiyo hakuchimba zaidi.

Lakini Josias hakufa vitani. Hakuwahi kushika bunduki maishani mwake. Alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu mrefu, mpole, aliyevaa koti hata jua likiwaka. Alikuwa Mnyamulenge, mmoja wa Watutsi wa Kongo, waliochunga ng'ombe katika milima ya Kivu tangu enzi za babu wa babu zake. Monique alikuwa Mushi, wa kabila la Washi wa pande za Bukavu. Nyumbani kwao walinuna alipomleta, kisha wakamzoea, na mama yake akafika mahali pa kumpenda kuliko wakwe wengine, kwa sababu alikuwa akimsomea barua na maelezo ya dawa zake bila kuchoka.

Waasi wa Kitutsi walipoinuka na fujo kuingia mjini, watu walianza kumtazama Josias usoni kabla ya kumsalimu. Sokoni aliambiwa arudi kwao. Kanisani, wazee wa usharika walimwomba yeye na jamaa zake wasali peke yao saa sita mchana, wengine wakishaondoka, eti kwa usalama wao. Josias alikubali. Monique aliendelea kusali asubuhi na watu wake, na jambo hilo halikumwacha salama hata baada ya miaka yote ile: kwamba kila Jumapili alipishana na mumewe mlangoni, yeye akitoka, mume akisubiri kuingia.

Wiki ya saba ya fujo hizo vijana walimkamata Josias njiani akitoka shuleni, wakampiga mawe mpaka akafa. Mchungaji alikataa kumfungulia kanisa. Alisema hataki ghasia. Josias alizikwa na watu wanne: Monique, Bisimwa mdogo wake Monique, na wachimba kaburi wawili waliokuwa na haraka ya kuondoka. Mwezi uliofuata Monique alivuka mpaka na Victoire mgongoni.

Mtoto alikua, akawa msichana mrefu mwenye uso wa baba yake. Siku moja alasiri alirudi kutoka chuoni, akaweka simu mezani bila kusema neno. Ilikuwa video ya mwuguzi mmoja, Mnyamulenge, aliyeuawa na kundi la watu katika mji fulani wa mashariki mwa Kongo. Walikuwa wakicheka. Mmoja wao alimwambia yule mwuguzi arudi kwao, na Monique alilitambua neno hilo, hata lafudhi yake.

"Mama," Victoire aliuliza, "baba alikufa hivi?"

Monique aliigeuza simu kifudifudi. Kisha akamweleza yote, akaanzia kwenye ule mlango wa kanisa.

Siku chache baadaye alisikia kwamba Wanyamulenge wa Kampala wanakutana Kansanga, nyumbani kwa mzee mmoja aitwaye Guerschom, wapange kuandamana mbele ya ubalozi wa nchi yao. Akaenda. Alikuta watu kama thelathini wamejibana sebuleni, na alipojitambulisha kwa jina la ukoo wake, watu walitazamana. Aliyesema wa kwanza ni Blandine, mwanamke aliyepoteza watoto watatu kule milimani. Alisema wazi kwamba haelewi Mushi amefuata nini pale, kwa kuwa waliowarushia mawe Bukavu walikuwa watu wa kwao.

"Ni kweli," Monique alijibu. "Wengine niliwajua kwa majina. Sikuja mnipende. Mume wangu hakusomewa hata sala moja. Nataka jina lake litajwe kwa sauti mbele ya bendera ya nchi yake."

Guerschom alimwuliza jina la mumewe na kazi aliyoifanya. Kisha akachukua kalamu, akaandika jina la Mwalimu Josias kwenye orodha ya waliouawa, na kikao kikaendelea. Blandine hakumpa mkono siku ile.

Polisi waliwapa kibali cha saa mbili, kuanzia saa tatu asubuhi. Walifika watu arobaini na watatu, wamevaa nguo nyeusi, wamebeba maboksi yaliyokatwa na kuandikwa kwa wino mzito. Afisa aliyewasimamia aliitwa Ongom, mtu mnene mwenye sauti ya chini. Aliwaonyesha mahali pa kusimama.

"Simameni hapa tu, barabara isifungwe," aliwaambia. "Saa tano mnaenda nyumbani, sawa?"

Guerschom alisoma barua. Iliomba mambo ya kawaida: raia asipimwe kwa uso wake kabla ya kuitwa raia, mtu asizuiwe kuabudu au kuzikwa na kanisa lake kwa sababu ya kabila, na waliofanya mauaji wafikishwe mahakamani. Kijana mmoja aliyevaa tai alitoka ndani, akaipokea kwa heshima, akagonga muhuri kwenye nakala, akarudi ndani. Kisha wakaanza kusoma majina. Zamu ya Monique ilipofika, alipiga hatua moja mbele. Jina la Josias likatoka kwa nguvu kiasi kwamba mwendesha bodaboda aliyekuwa akipita alipunguza mwendo, akageuka kutazama.

Ng'ambo ya barabara walikuwa wamesimama Wakongomani wengine, wafanyabiashara, wakiwazomea waandamanaji kwamba si Wakongomani. Mmoja alimnyooshea kidole Monique.

"Huyo ni wetu," alisema. "Huyo ni dada wa Bukavu. Wamemnunua."

Akampiga picha.

Haikuchukua siku tatu picha hiyo ikaenea. Monique alikwenda Kansanga kuchukua vitenge kwa Kasereka, mwenye duka aliyetoka Butembo, Kongo, aliyemfahamu tangu miaka yake ya kwanza Kampala, mtu aliyewahi kumpeleka Victoire hospitalini kwa gari lake. Kasereka alimkaribisha kiti, akamletea soda, lakini hakufungua marobota. Alimwambia kwamba wateja wanaulizia kwa nini anamuuzia. Halafu akasema kile kilichokuwa moyoni mwake.

"Mama Victoire, kaka zangu wawili waliuawa na waasi. Waasi wale walikuwa na sura ya mume wako."

"Mume wangu hakuwa na sura ya waasi," Monique alisema. "Alikuwa na sura ya mama yake."

Kasereka alifuta macho kwa kiganja. Hakusema kwamba amekosea, wala hakufungua marobota. Monique aliimaliza ile soda kwa sababu ya heshima, akaondoka mikono mitupu.

Wiki hiyo hiyo Bisimwa alipiga simu kutoka Bukavu. Alikuwa akihema kama mtu aliyekimbia. Picha ilikuwa imefika. Vijana walikuja nyumbani kwa mama yao wameishika kwenye simu zao, wakavunja madirisha kwa mawe, na mama, katika kukimbilia kwa jirani, alianguka kwenye ngazi akavunjika nyonga. Vijana walisema watarudi.

"Yaya Monique, dada yangu, jirekodi," Bisimwa alimsihi. "Sema walikudanganya, sema walikulipa. Dakika moja tu. Nitawapelekea, watatuacha."

Monique aliomba aongee na mama. Sauti ya mama ilikuja ndogo sana, ikamwuliza kama anakula vizuri na kama Victoire anasoma. Juu ya picha hakusema neno. Monique alisubiri aseme, aombe au alaani, ili yeye ajue la kufanya, lakini mama alichoka akarudisha simu.

Victoire alishika simu, mama yake akakaa kwenye kiti mbele ya ukuta. Alianza mara mbili. Mara zote alisema jina lake, akafika penye neno "walinidanganya", akamwona binti aliyemshikia simu, na ule uso wa Josias, akakomea hapo. Mara ya tatu alisema hivi: kwamba alikwenda mwenyewe, kwamba hakupewa hata senti, kwamba mama yake na mdogo wake hawakujua lolote na hawastahili kuguswa, na kwamba kama kuna mwenye hasira, amtafute yeye Kampala.

Bisimwa aliisikiliza. Jibu lake lilikuwa fupi: hawezi kuwapelekea kitu kama kile. Akaongeza kwamba dada yake amemchagua maiti akawaacha walio hai. Monique mwenyewe alikuwa ameshajiambia hivyo.

Mama alifariki baada ya majuma matatu. Bisimwa alituma ujumbe wa mistari miwili. Wa kwanza ulitoa taarifa. Wa pili ulimwambia asije, kwa usalama wake, na Monique alipoyasoma maneno hayo alikaa chini pale alipokuwa, sakafuni, kati ya mlango na jiko.

Bi Sharifah ndiye aliyemkuta. Akatandika mkeka uani, akawaambia wapangaji wote kuna msiba, akakaa naye siku tatu, akimpikia uji na kuwapokea watu. Siku ya pili akaja Blandine, kwa miguu kutoka Kansanga. Hakutoa hotuba. Aliketi karibu na Monique, wakakaa bega kwa bega hadi alasiri, na alipoinuka alimwambia kwamba kwao milimani hakubaki hata mtu wa kumtumia yeye habari za msiba.

Barua waliyoipeleka ubalozini haikujibiwa. Guerschom aliomba kibali kingine mwezi wa kumi na mbili. Wengi walikuwa wamepata simu kama ile ya Bisimwa, na walijitokeza watu kumi na tisa tu. Monique alimkataza Victoire asije, wakagombana vibaya, na Victoire akaja. Wakasimama pamoja, mama akijaribu kila mara kumkinga kwa mwili wake dhidi ya simu za ng'ambo ya barabara, na binti, aliyemzidi urefu kwa kichwa kizima, akisogea pembeni aonekane.

Siku hizi Monique anafua nguo za wanafunzi katika hosteli za Kansanga. Jumapili, akitoka kanisani, humpigia Bisimwa. Mwanzoni simu ilikuwa ikiita mpaka ikakatika. Sasa haiiti kabisa, na hana wa kumwuliza kama mdogo wake amebadili namba au yamemfika.