Kishikio cha Ngazi Nilichomfungia Mama

Admin, nifichie jina. Majina ya watu wangu nimeyabadilisha.

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na tatu, mzaliwa wa Kuze hapa Mombasa, mke mmoja, watoto wanne. Shule niliiachia darasa la sita, lakini mkono wangu unajulikana kisiwa kizima. Bandarini niliwahi kutoboa bamba la meli lililowashinda mafundi watatu, nahodha akavua saa yake akanipa. Asiyeamini basi. Nayasema haya mujue kwamba sikukosa kwa kutojua kazi. Nilikosa kwa jeuri.

Mama alikuwa akikaa ghorofani katika nyumba yetu ya urithi, pamoja na mdogo wangu Swaleh na mkewe Zuhura. Ngazi zetu ni zile za zamani, zimesimama wima na zina giza, na magoti ya Mama yalishachoka. Kila akitaka kushuka, Zuhura hutangulia kinyumenyume, amemshika mikono miwili, hatua kwa hatua. Miaka minne, sijamsikia akinung'unika. Siku moja Swaleh akaniambia, "Kaka, tumfungie Mama ubao wa kushikia pale ukutani." Nikamwambia hiyo ni kazi yangu, asije akaita fundi mwingine.

Nilikuwa na drili mpya ya betri. Nikaenda dukani kutafuta seti ya biti, vile vyuma vya kutobolea na kukazia skrubu, zile za kuchomeka na kuchomoa kwa vidole, usihangaike kufungua kichwa cha drili kila ukibadilisha. Nikaona moja ya kasha jekundu, vipande vingi, vinameta. Mama mwenye duka akaniuliza, "Watoboa nini, mzee wangu?" Nikamwambia ukuta wa mawe. Akasema, "Hizo zote ni za mbao na chuma. Chukua hii ndogo, ina tano tu, lakini zina ncha ya kutobolea mawe. Na hizo za kukazia, zijaribu kwanza kwenye vichwa vya skrubu zako, zisije zikateleza."

Dukani mulikuwa na wateja. Nikamwambia, "Mama, wewe uza tu. Mimi natoboa kuta tangu wewe hujajua msumari ni nini." Watu wakacheka. Nikatoka na kasha langu jekundu.

Kuta zetu ni matumbawe na chokaa. Chokaa ililika upesi, nikajisifu peke yangu. Biti ilipofika kwenye jiwe ikaanza kulia, ikatoa moshi, ncha ikageuka buluu. Ya pili vilevile. Ya tatu ikakatika. Matundu yakabaki nusu ya urefu uliotakiwa. Mwenye akili angerudi dukani, lakini mimi nilikuwa namuona yule mama na wateja wake wakinicheka. Nikachukua msumeno wa chuma, nikazikata skrubu zote nane, nikazifupisha ziingie kwenye matundu mafupi. Hata kukaza sikuweza vizuri, biti ziliteleza zikavila vichwa. Nikaziba kwa pati, nikapaka vanishi. Ukiutazama ubao ule, ungesema umetoka kiwandani.

Nikamwita Mama. Nikajining'iniza mbele yake, na mguu mmoja nimeuacha chini makusudi. "Mama, kuanzia leo huhitaji kushikwa na mtu. Hapa hata tembo aegemee."

Akaniombea dua. Zuhura akauliza, "Shemeji, una hakika? Nisimshike kabisa?"

"Shemeji, sasa wewe ndiye wa kunifundisha kazi?"

Wiki ya tatu, baada ya alasiri, Zuhura alikuwa jikoni chini akikaanga. Mama akashuka mwenyewe. Ubao ukang'oka naye.

Mimi nakaa mlango wa pili, nikawa wa kwanza kufika kutoka nje. Zuhura alikuwa amempakata, analia. Alipokimbia kutafuta gari, niliokota zile skrubu fupi moja moja nikazitia mfukoni. Mama alikuwa macho. Alinitazama mpaka nilipomaliza.

Alifariki siku ya kumi na moja, hajamwambia mtu.

Matanga yalipokwisha, Swaleh aliuliza mbele ya jamaa imekuwaje Mama akaachwa ashuke peke yake. Zuhura akasema, "Shemeji ndiye aliyetuambia ubao unatosha." Wote wakanigeukia. Nikasema, "Ubao wangu haukuwa na kosa. Ameanguka kwanza, akauvuta kwa uzito wake wote, ndio ukang'oka. Mtu mzima kama yule haachwi peke yake."

Zuhura alinitazama, akasema tu, "Haya, shemeji." Jioni ile ile Swaleh akampa talaka moja, Zuhura akarudi kwao Likoni na mkoba mmoja.

Eda yake inaisha wiki ijayo. Ikishaisha, kumrudisha kutataka ndoa mpya, na babake ameapa kwamba hamuozi tena. Jana Swaleh amenijia, amekonda, ndevu hazijachanwa. "Kaka, wewe ndiye baba yangu sasa. Nashindwa kula chakula cha mtu mwingine. Lakini nikimkumbuka Mama pale chini, moyo wakataa. Wewe ukisema nimrejee, namrejea." Nikamwambia anipe siku mbili.

Naweza kumwambia mrejee, yakaisha hapo, siri yangu ikabaki kwangu. Lakini Zuhura atarudi nyumba ile akiwa mwanamke aliyesamehewa kwa kumuua mavyaa wake. Ataishi na msamaha huo kila siku, na mimi nitakuwa nikiingia pale Ijumaa, nikila pilau yake. Nikisema kweli, Swaleh hatanizika hata nikifa, namjua. Na Mama siwezi tena kumuomba radhi.

Kesho adhuhuri anakuja kuchukua jibu. Maisha yangu yote sijamuuliza mtu kitu. Leo nawauliza nyinyi musionijua: nimwambie amrejee tu, au nimwambie yote?