Hesabu ya Mia Juu ya Tuta

Siku yangu ya kwanza kazini, Bwana Maji wa wilaya alinikuta juu ya tuta la lambo letu, upande wa Nkololo, nimeshika fito ya marehemu baba. Tuta ni ule ukuta wa udongo unaozuia maji. Fito ni ya kupimia kina. Baba ndiye aliyekuwa mlinzi wa lambo. Mama alimfuata kaburini baada ya miezi michache, nikaacha shule darasa la sita, nikiwa na wadogo watatu wa kulisha.

"Mwangaluka, mayu," alinisalimu kwa Kisukuma, kama vile mimi ni mama mtu mzima. "Weka fito chini. Kazi hii huanza na masikio."

Akanieleza. Vyura wakisikia nyayo, hunyamaza. Simama, usitikisike, hesabu polepole. Wakianza tena kabla ya mia, maji ni mazima. Wasipoanza, mtu asiteke.

"Na kiangazi, mzee?"

"Kiangazi utatumia macho. Na sala."

Wadogo zangu waliigeuza kazi ile kuwa yao. Asubuhi za mvua tulisimama tumeshikana mikono, tukihesabu. Viluwiluwi, wale watoto wa vyura wenye mikia, walipobaki kwenye nyayo za ng'ombe zinazokauka, waliwachota kwa kibuyu na kuwarudisha lamboni. Mvua ya kwanza ya msimu tulikula matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, pale tutani na kuzipa sauti majina. Kabula, kitinda mimba, alisema sauti nzito ya kwenye matete ni ya Mama. Sikumkataza.

Kisha soko la pamba likaachwa huria. Dawa ya wadudu wa pamba, ambayo zamani tuliipata kwenye chama cha ushirika, sasa iliuzwa na kila mwenye duka, ndani ya chupa za soda, bila karatasi ya maelezo.

Asubuhi moja nilihesabu mia. Nikahesabu mia ya pili. Maji yalikuwa meupe, yametulia, hata nzi hakuna.

"Dada," Kabula akanong'ona, "mbona Mama amenyamaza?"

Niliziba njia kwa miiba. Mzee Masanja akafika na ng'ombe wake, nyuma yake wanawake na ndoo.

"Yaani ng'ombe wangu wasubiri chura apige hodi?" Watu wakacheka.

"Wasubiri, baba."

"Ukikosea, mwana, kazi huna."

Nilijua. Nyumbani hatukuwa na chakula kingine ila mshahara ule. Sikuondoa mwiba hata mmoja.

Ndama wake alipenya pembeni, akanywa. Kabla jua halijafika utosini alikuwa chini, povu mdomoni. Masanja akavua kofia, akanisaidia kuongeza miiba. Bwana Maji alipofika, tulikuta vyura wamejaa kwenye matete, matumbo juu, na kwenye mkondo unaoingia lamboni, chupa tupu. Mtu alikuwa ameoshea hapo bomba la kupulizia.

Kimya kile kilidumu misimu miwili. Maji yalipopona, wadogo zangu walileta viluwiluwi kwa kibuyu kutoka majaruba ya mpunga, mwendo wa nusu siku. Wa huko ni vyura wadogo tu, wa sauti nyembamba. Lakini mvua iliyofuata, sauti nzito ilitoka tena kwenye matete.

Nimestaafu sasa. Fito ipo ukutani. Kila mvua ya kwanza Kabula huja na wanawe, tunasimama tutani, tumeshikana mikono, ndoo tupu miguuni. Mwaka jana tulifika tisini na sita.

Kisha matete yakaitika.