Dawa Aliyoitema Mwanaidi

Usiku ule nililala na hasira. Nilikuwa nimemwaga sinkini jaribio la nane la dawa ya maji ya maumivu, tuliyokuwa tukiitengeneza kiwandani kwa ajili ya watoto wenye ugonjwa wa selimundu. Yenye ladha ya embe waliitema. Ya ndizi waliitema. Na Bwana Kessy, mkuu wa maabara, kila mara alikuwa na jibu lilelile: "Ongeza sukari."

Sijui usingizi ulinichukuaje. Nilijiona nimesimama maabara, nakoroga, na mdogo wangu Mwanaidi ameketi juu ya meza yangu, miguu inaning'inia. Mwanaidi alifariki kwa ugonjwa huohuo, akiwa na miaka kumi na saba. Sikushangaa kumwona. Kilichoniudhi ni kwamba alikuwa amekalia karatasi zangu.

"Shuka, nina kazi."

Hashuki. Anachukua chupa, anainusa, anakunja uso.

"Ndizi tena, dada?"

Nikamweleza kama ninavyowaeleza wageni wa kiwanda: dawa yenyewe ni chungu, lazima uchungu ufichwe, na sukari ina kiwango chake. Nilieleza mpaka nikaishiwa pumzi. Yeye anatazama dari.

Mara maabara ikawa wodi. Mwanaidi ana miaka sita, amekunja magoti kitandani, mama amemshika kichwa, na kijiko ninacho mimi. Nampa cha kwanza, anameza. Cha pili anameza huku machozi yanamtoka. Cha tatu kinarudi chote, na viwili vya mwanzo vinakifuata, shuka linalowa, na muuguzi anasema hatujui kilichobaki tumboni, tusubiri. Anaendelea kuumwa, nasi tunasubiri. Siku ile nilimfokea. Na kwenye ndoto nikamfokea tena: "Kwa nini humezi?"

Akanitazama. Mwili wa mtoto, sauti ya msichana wa miaka kumi na saba.

"Uchungu niliuzoea, dada. Wingi ndio ulionishinda."

Nikabisha. Marehemu wangu amekuja baada ya miaka yote ile, nami nabishana naye! Nikasema tukiikoleza ili kipimo kiwe kidogo, unga wake utatuama chini ya chupa.

"Si itikiswe!" akasema, kwa ukali wa mtu aliyechoka kurudia jambo moja.

Akageukia ukutani. Nikamwita, hageuki. Nikamgusa bega, ni la moto, kama lilivyokuwa siku za homa.

"Mtu anayeumwa hana tumbo la vijiko vitatu," akauambia ukuta.

Nikaamka. Jua lilikuwa limeshapanda na shingo ilikuwa imekakamaa. Hasira nilikuwa nayo bado, ila sasa ilikuwa juu yangu mwenyewe. Majaribio manane tulihangaika na ladha, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza mtoto anamezeshwa kiasi gani. Nami ndiye niliyekuwa nimekishika kile kijiko.

Nilimkuta Bwana Kessy mlangoni mwa maabara.

"Tunaikoleza," nikamwambia. "Kipimo kiwe kijiko kimoja. Na sukari tunaipunguza."

"Mtaalamu gani amekushauri hivyo?"

"Mgonjwa."

Akafungua mlango, akaniachia njia nitangulie.